Mbona umegeuza mlima?

Krismasi ya mwaka wangu wa tatu Arusha nilimpelekea mama zawadi ya picha niliyoichora mwenyewe: Kilimanjaro, tembo watano, mgunga mmoja, jua linazama. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiegemeza kwenye kabati la vyombo, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mwanangu, mbona umegeuza mlima?"

Nilicheka. Nikajisemea mama hajui mambo ya sanaa. Jioni mawingu yalipofunguka nikatoka uani, na kicheko kikaniishia. Kwetu ni Uru, Moshi, upande wa kusini wa mlima. Ukisimama pale uani, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kiko kulia. Kwenye picha yangu Mawenzi ilikuwa kushoto. Wala sikuwa nimekosea kunakili. Picha tuliyokuwa tunanakili kwenye kibanda cha picha nilikofanya kazi Arusha ilipigwa kutoka Amboseli, Kenya, kaskazini ya mlima, ambako ndiko tembo wale wanakopatikana. Miaka mitatu nimekuwa nikichora mlima wa nyumbani kwa kuuchungulia kutoka kwa jirani.

Sitakidharau kile kibanda. Tulikuwa wanne, tunalipwa kwa picha, na kazi yenyewe ilikuwa ya kisu zaidi kuliko brashi: unapaka rangi nene, unakwangua, Mmasai mwenye shuka nyekundu anatokea. Tembo mmoja nilimmaliza kwa dakika nne. Kodi yangu ya chumba Ngarenaro ililipwa na tembo. Mkono wangu pia uliiva pale. Nilichokosa ni macho, maana hakuna aliyewahi kunituma nje kutazama kitu. Wateja nao walikuwa na maswali yao yaleyale, hasa lile la "Hizi ni tingatinga?" Nilichoka kueleza kwamba Edward Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za makopo zinazong'aa, na kwamba siyo kila rangi iliyopakwa Tanzania imetoka kwake.

Nikarudi Moshi. Kujifunza upya kulinichukua muda, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kuamka. Mlima una saa zake. Januari na Februari nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri nikiwa na stuli na kopo la maji, kwa sababu ikifika saa nne wingu linakuwa limeshapanda na kufunika kila kitu. Juni na Julai unaweza kukaa wiki nzima usione hata kivuli chake. Siku za namna hiyo ndizo zilizonilazimisha kugeuza shingo na kuchora kilichokuwa chini: migomba, kahawa, njia ya udongo mwekundu, mfongo, yaani mfereji wa maji, unaokata mteremko. Ndipo nilipogundua kwamba kijani cha mgomba hakipo kwenye chupa yoyote ya rangi. Nachanganya njano na buluu, kisha natia nyekundu kidogo kabisa ili kisipige kelele.

Kanvasi ya dukani sikuimudu. Natumia amerikani, naitandaza kwenye fremu ya mbao, napaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, mara tatu, napiga msasa kila koti likikauka. Ukipaka koti moja tu kwa uvivu, kitambaa kinakunywa rangi yote na picha inafifia mbele ya macho yako.

Maonyesho yangu ya kwanza yalifanyika kwenye korido ya hoteli moja, na yalikuwa aibu. Tangazo na vibandiko vyote viliandikwa Kiingereza. Walikuja watu sita, na watano walikuwa wageni wanaopita kwenda kunywa chai. Baada ya mwezi nilikuta picha mbili zimehamishiwa stoo, zimeegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu, moja imeota ukungu kwenye kona. Hakuna aliyenipigia simu. Nilibeba zote kwa bajaji nikiwa nimekasirika, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Sikuwa nimeandikishiana na mtu yeyote chochote.

Ya pili nilitaka niyaandae mwenyewe, na picha ziwe za wenzangu pia. Nikaomba ghala la zamani la kahawa lililokuwa tupu, nikaenda kwa afisa utamaduni kuulizia kibali, nikaanza kuzunguka kwa wachoraji Moshi na Arusha. Kila picha niliyoichukua niliiandikia hati ya makabidhiano: vipimo, bei, hali ya fremu, sahihi mbili. Mmoja alinicheka, akasema nampeleka benki. Nikamwambia asaini tu.

Sharti nililoweka lilikuwa moja: kilele kisionekane. Mlima wote isipokuwa Kibo na Mawenzi. Nilitaka watu wa Moshi waingie na kuona wanapoishi. Wengi walikubali. Mzee mmoja aliyenizidi miaka thelathini alikataa katakata.

"Mwanangu, barafu ile inaisha. Tusipoichora sisi, nani ataichora?"

Sikuwa na jibu. Barafu ya Kibo ilipimwa na kuchorewa ramani mwaka 1912, na tangu hapo zaidi ya asilimia 80 imekwisha. Yeye mwenyewe ameiona ikipungua tangu akiwa mtoto. Nilikwenda nyumbani nikalala na maneno yake siku tatu, kisha nikamrudia na kumwambia alete picha yake. Moja tu. Hapo likabaki tatizo la kwangu mimi, kwa sababu picha yangu nzuri kuliko zote, ile ya alfajiri ambayo Kibo ina weupe wenye wekundu kwa mbali, nayo ilikuwa na kilele. Kama nikijiruhusu mimi, nitawaambia nini wenzangu wanane waliotii? Niliifunga kwa shuka nikaiweka nyuma ya kabati.

Kutundika kulituchukua siku mbili, mimi na fundi seremala mmoja mwenye pimamaji na subira. Nilikuwa nimesoma kwamba katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, tukapiga uzi, tukatundika zote. Asubuhi wakaja wanafunzi wa shule ya msingi wakawa wanatazama sehemu ya chini ya fremu tu. Fundi alinitazama. "Dada, tushushe?" Tukashusha ukuta mzima kwa sentimita 20. Mchana bati likapata moto, gundi ikalegea, vibandiko vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Tukavirudisha kwa pini.

Picha iliyokusanya watu haikuwa ile niliyoitegemea. Ilikuwa ndogo, ya mfongo unaopita kati ya migomba. Bibi mmoja mwenye fimbo alisimama mbele yake kwa muda, nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hapa pamezibwa," akaonyesha kwa ncha ya fimbo, karibu aguse rangi. Kweli, kulikuwa na gogo la mgomba na tope kwenye mlango wa maji. "Leo zamu ya nani, mpaka azibe huku?"

Wazee wawili waliokuwa nyuma yake wakadakia, na ubishi wa zamu za maji ukaendelea robo saa mbele ya picha ile. Mchoraji wake, kijana mpole, alinong'ona kwamba yeye alichora tu alichokikuta. Jioni hiyo aliyeinunua alikuwa mmoja wa wale wazee.

Tuliuza picha 11 kati ya 34. Nilikata asilimia 20 kwa ajili ya usafiri, taa na mlinzi, na pesa iliyobaki kwangu haikutosha hata kununua amerikani ya mwezi uliofuata.

Picha ya yule mzee nilikuwa nimeitundika peke yake, pembeni ya mlango wa kutokea, ili mtu akiimaliza atoke nje na kuutazama mlima wenyewe, kama wingu limeruhusu. Mama alikuja siku ya mwisho. Alipita ukutani polepole bila kusema neno, akafika mlangoni, akanyoosha kidole: kushoto, kisha kulia.

"Huyu hajaugeuza," akasema. Akageuka. "Na wa kwako uko wapi?"

Nikamwambia uko nyumbani, nyuma ya kabati.