Nywele Chini ya Kioo

Pete ya maombolezo niliyoitazama kwa lenzi ilikuwa na kijidirisha cha kioo, na ndani yake nywele za marehemu zilikuwa zimesukwa kwa ustadi hata nikazidhania kuwa kitambaa. Wapo wanaoona kinyaa. Mimi sioni, kwa kuwa nywele haziozi upesi kama mwili, na aliyefiwa alitaka kubaki na sehemu ya mpenzi wake hasa, si mfano wake tu.

Katika karne ya 17 vito hivi vilipambwa kwa mafuvu na mifupa, ili kumkumbusha mvaaji kwamba naye atakufa. Baadaye huzuni ilichukua sura ya upole zaidi: chombo cha majivu ya marehemu, mti ulioinamisha matawi, lulu ndogondogo zilizosimama badala ya machozi. Enameli nyeusi, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya metali, ilikuwa ya kawaida, ilhali nyeupe mara nyingi iliashiria mtoto au mtu aliyefariki kabla ya ndoa.

Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alipofariki Desemba 1861, malkia alivaa nyeusi hadi kifo chake mwenyewe mwaka 1901, na wengi wakamwiga; ndipo jeti, kito cheusi cha mji wa Whitby nchini humo, ambayo kwa asili ni mbao za kale zilizogeuka kito chini ya ardhi, ilipopata soko kubwa. Ni nyepesi ajabu mkononi. Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni maandishi ya upande wa ndani wa pete, yaani jina, umri na tarehe, yaliyolala juu ya ngozi ya mvaaji pasipo mwingine kuyaona.