Bahasha za chuo cha SMU: kwa nini malipo ya chini ya meza hayaachiki

Mpira wa vyuo vikuu vya Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, kwa miongo mingi haukuwa na ada ya usajili. Kijana wa sekondari aliyegombaniwa na vyuo chungu nzima aliruhusiwa kupokea ufadhili wa masomo tu: karo, chumba, chakula na vitabu. NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, kiliuhalalisha ufadhili huo mwaka 1956. Viwanja vikajaa, televisheni zikamwaga mamilioni, mishahara ya makocha ikapaa, na mchezaji akabaki na sahani ya bwenini. Hapo ndipo mfadhili mwenye pesa zake alipoingia.

Mfadhili huyu si mwajiriwa wa chuo. Mara nyingi ni mhitimu wa zamani aliyetajirika kwa mafuta, viwanja au kuuza magari. Kocha humtajia jina la kijana anayetakiwa. Mtu wa kati hubeba bahasha. Upande wa pili anapokea kijana mwenyewe, mzazi, mjomba, au kocha wake wa sekondari. Pesa za kwanza ni za kusaini kujiunga na chuo, na kwa miaka mingi siku kubwa ya kusaini ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari. Baada ya hapo zinafuata za kila mwezi, na humo ndimo mnamofia watu wengi.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ya Southern Methodist University ya Dallas, SMU. Kati ya 1981 na 1984 timu yao ilishinda mechi 41, ikafungwa 5 na kutoka sare moja. Kwa chuo kidogo cha binafsi kilichozungukwa na majitu ya Texas, hilo halikutokea kwa sala. Agosti 1985 NCAA ikawaadhibu kwa malipo ya siri: miaka mitatu ya uangalizi, nafasi 45 za ufadhili wa masomo zikakatwa, na mechi za mwaliko za mwisho wa msimu zikapigwa marufuku kwa miaka miwili. Mwaka huohuo vyuo vilipitisha kanuni mpya: chuo kikipatikana na kosa kubwa mara mbili ndani ya miaka mitano, timu inaweza kuzuiwa kucheza kabisa. Waliiita adhabu ya kifo.

Mtu mwenye akili angeacha siku hiyohiyo. SMU hawakuacha, na sababu yao haikuwa kiburi peke yake. Tayari kulikuwa na vijana kikosini walioahidiwa pesa ya kila mwezi hadi wamalize chuo. Ukimkatia mchezaji kama huyo malipo umemtengeneza shahidi: anajua nani alimpa, wapi, na kiasi gani, na sasa hana cha kupoteza. Wakubwa wa chuo wakaamua kutowaahidi wapya, lakini waliokwisha kuahidiwa waendelee kulipwa hadi waondoke mmoja mmoja. Hivyo katika mwaka wa masomo wa 1985 hadi 1986 wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola 47,000 kutoka mfuko wa mfadhili mmoja, na wanane kati yao wakapata dola 14,000 zaidi kabla ya 1986 kwisha. Malipo yalikuwa kati ya dola 50 na 725 kwa mwezi. Gawa hizo 47,000 kwa watu 13, unapata kama dola 3,600 kwa kila mmoja kwa mwaka. Timu nzima iliuawa kwa pesa isiyofika bei ya gari jipya kwa kila mchezaji.

Siri ilifichuliwa na mchezaji aliyeachwa nje. Novemba 1986 mchezaji wa zamani alikiri kwenye kituo cha televisheni cha WFAA cha Dallas kwamba alipewa dola 25,000 kusaini, kisha 750 kila mwezi. Ushahidi uliouma zaidi ulikuwa bahasha iliyopitia posta. Mwandishi Dale Hansen aliiweka mbele ya mtumishi wa idara ya michezo na kumbana kuhusu mwandiko uliokuwa juu yake. Noti mkononi haziachi alama. Bahasha ya posta ina muhuri wa tarehe, anwani na mwandiko, na sijui nani aliona ni busara kuituma.

Tarehe 25 Februari 1987 msimu wa mwaka huo ukafutwa wote. Wa 1988 waliruhusiwa mechi za ugenini tu, nao wakaamua kutocheza kabisa. Siku chache baada ya hukumu, Bill Clements, gavana wa Texas aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya SMU, akakiri hadharani kwamba aliridhia malipo yaendelee. Timu iliporudi 1989 ilifungwa na Houston 95 kwa 21. Kwenye mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu hawakualikwa tena hadi 2009.

Katika mji wa Memphis, Tennessee, kosa lilikuwa la namna nyingine: benki. Mfadhili wa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, Logan Young, alitiwa hatiani Februari 2005 kwa kumlipa kocha wa sekondari, Lynn Lang, dola 150,000 ili mchezaji wake aelekee Alabama. Kwa kawaida kuvunja kanuni za NCAA si jinai. Lakini Lang alikuwa mwajiriwa wa shule ya umma, kwa hiyo pesa ile ikawa rushwa kwa mtumishi wa serikali. Isitoshe, sheria ya Marekani inaitaka benki itoe taarifa mteja anapotoa taslimu zaidi ya dola 10,000, na kuzikatakata ili usifike kiwango hicho ni kosa linalojitegemea hata kama pesa ni halali. Young alitiwa hatiani kwa hilo pia. Kwa maoni yangu kesi hii ndiyo chafu kuliko ya SMU, maana aliyeuzwa ni kijana na aliyeshika pesa ni kocha wake.

NCAA yenyewe haina nguvu ya kumlazimisha raia kutoa ushahidi. Haiwezi kufungua akaunti ya mtu wala kumwapisha. Inategemea mpinzani mwenye wivu, mchezaji aliyekasirika, au waandishi wa habari. Ndiyo maana njia za kisirisiri zaidi hazikuwa noti: gari la kuazimwa, kodi ya nyumba ya mama, au kazi hewa, kama ile ya duka la magari lililowafukuzisha wachezaji wa Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 2006 kwa kulipwa saa ambazo hawakufanya kazi.

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa matangazo, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji wake, kikomo dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Bahasha hazijafa. Januari 2024 chuo cha Florida State kiliadhibiwa kwa sababu kocha msaidizi alimpeleka mchezaji kwa mfadhili aliyemwahidi kama dola 15,000 kwa mwezi. Kilichogeuka ni kwamba sasa mkataba wa tangazo wa kuanzia dola 600 lazima uandikishwe na kukaguliwa kama una biashara ya kweli ndani yake. Mwenye duka la magari katika mji mdogo akimlipa kijana dola laki tano kwa picha mbili, itabidi aeleze picha hizo zimeuza magari mangapi.