Mradi wa kaseti: hesabu ya uhakiki imelingana

Hatimaye hesabu ya uhakiki (tarakimu zinazokokotolewa kutoka kwenye faili ili kuthibitisha kwamba nakala mbili ni sawa) ya kifurushi cha kwanza cha sauti za kaseti kilichoko kwenye hifadhi ya wingu imelingana na ile ya diski yangu hapa Jinja, Uganda.

Kuchagua hifadhi hakukuwa kugumu. Saa moja ya sauti ya WAV ya biti 24 na kilohezi 96 hufikia takribani GB 2, na mkusanyiko wote nimeukadiria kuwa TB 3. S3 Glacier Deep Archive, hifadhi ya Amazon ya data isiyoguswa mara kwa mara, kwa bei za Marekani, hutoza takribani dola 1 kwa TB kila mwezi, na Backblaze B2, hifadhi ya wingu ya kampuni nyingine, dola 6 kwa bei iliyoanza Oktoba 2023. Kuitoa data yote Amazon kungenigharimu karibu dola 270, yaani akiba yote ya miezi 18 ya kutumia Amazon badala ya B2, ilhali B2 haitozi upakuaji usiozidi mara tatu ya kilichohifadhiwa. Hata hivyo nimechagua Deep Archive, kwa kuwa diski mbili ninazo na nakala hii ni ya siku nyumba ikiungua. Siku hiyo sitalalamikia gharama wala kusubiri data iandaliwe kwa muda wa hadi saa 48.

Kilichonitesa ni uhakiki. Faili kubwa hupakiwa vipande vipande, na hesabu ambayo S3 huonyesha, yaani ETag, si MD5 (aina mojawapo ya hesabu ya uhakiki) ya faili zima, bali ni MD5 ya MD5 za vipande, ikifuatiwa na kistari na idadi ya vipande hivyo. Ukubwa wa kipande hautajwi popote ndani yake. Huku kwetu, ambako data hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kupakua faili zima ili kulihakiki tu ni anasa. Ufumbuzi ulikuwa katika ile idadi: faili la megabaiti 2,048 lilionyesha vipande 410, si 256, kwa hiyo kila kipande kilikuwa cha megabaiti 5, ambacho ni kipimo cha kawaida cha rclone, programu niliyopakia nayo, wala si 8 kama cha programu ya Amazon yenyewe. Nilipokokotoa upya kwa kipimo hicho, tarakimu zote zililingana, nami nikapiga kelele hadi majirani wakasikia.

Rclone naisifu bado; ukurasa wa Amazon wa kupakia kwa kivinjari haufai kwa kazi hii, hasa umeme unapokatika.

Nilikusudia wiki hii kupakia picha za majalada, lakini nimeziahirisha. Kila faili katika Deep Archive huongezewa KB 40 za maelezo ya faili lenyewe, 8 kati yake kwa bei ya hifadhi ya kawaida, kwa hiyo picha ndogo ndogo lazima zifungwe pamoja kuwa faili moja kwa programu ya tar. Na kabla ya kuzifunga nataka kila kifurushi kibebe orodha yake ya SHA-256, hesabu ya uhakiki iliyo imara kuliko MD5, huku nakala ya orodha ikikaa kwenye hifadhi ya kawaida, ambako naweza kuisoma papo hapo.