Mita 300 za Kwenye Ramani na Mita 300 za Miguu

Wiki tatu zilizopita nilikuta tangazo la halmashauri limefungwa kwenye nguzo ya taa, hatua chache kutoka nyumba ninayoishi katika mji mdogo wa katikati ya Uingereza. Kampuni moja inaomba kibali cha kujenga supamaketi yenye maegesho ya magari zaidi ya 100, ng'ambo ya barabara kuu inayouzunguka mji. Maombi yenyewe yanadai kwamba kiwanja kiko ukingoni mwa kitovu cha mji, kwa sababu ni mita 280 tu kutoka pale maduka yanapoishia. Nimezisoma nyaraka zote mpaka ukurasa wa mwisho, na nimeandika barua ya kupinga.

Mwongozo wa kitaifa wa mipango miji unaotumika England, sehemu ya Uingereza ulimo mji wetu, unataka duka la namna hii litafutiwe nafasi kwanza ndani ya kitovu cha mji. Ikikosekana, ukingoni mwake. Na nje ya hapo iwe hatua ya mwisho kabisa. Mwombaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba amezifuata hatua hizo kwa mpangilio wake. Utaratibu huu ulitiliwa mkazo mwaka 1996, John Gummer akiwa waziri wa mazingira, baada ya nchi kuona yaliyoipata miji kama Dudley, katikati ya England. Huko, katika eneo maalumu la uwekezaji ambamo masharti ya mipango miji yalikuwa yamelegezwa, jirani na kiwanda cha chuma cha Round Oak kilichofungwa mwaka 1982, lilijengwa jengo kubwa la maduka la Merry Hill, kilomita 4 hivi kutoka katikati ya mji. Mwaka 1990 kampuni ya maduka ya Marks & Spencer ikafunga duka lake la Dudley. Duka kama hilo likiondoka, fundi viatu na muuza vitambaa wa jirani hupoteza wapita njia waliokuwa wakiingia kwao kwa sababu tu walikuwa wanapita.

Katika kueleza maana ya ukingoni, mwongozo hausemi mita 300 peke yake. Unasema mahali palipounganishwa vyema na eneo kuu la maduka, na pasipozidi mita 300 kutoka hapo. Ni masharti mawili, na maombi haya yametimiza moja kisha yakalinyamazia la pili.

Jumamosi iliyopita nilianzia kwenye meza ya muuza nyanya, kwenye kona ya uwanja wa soko, nikiwa na mifuko miwili ya manunuzi, nikaenda kwa miguu hadi kwenye uzio wa kiwanja hicho. Hakuna njia inayokwenda moja kwa moja. Nilisubiri taa za kuvukia mara mbili, nikashuka ngazi za njia ya chini ya barabara, ambamo maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yametuama na taa moja tu ndiyo iliyokuwa ikiwaka, nikapanda tena upande wa pili. Nilitumia dakika 11. Kwenye zile ngazi nilimsaidia mama mmoja kubeba kigari cha mtoto, naye akaniambia kwamba kwa kawaida huzunguka mbali zaidi ili asizipite. Mita 280 za kwenye nyaraka zimepimwa kwa mstari ulionyooka, ambao labda ndege angeufuata.

Duka lililoungana na mji kwa miguu humfanya mtu aegeshe gari mara moja, anunue unga na sabuni, kisha avuke kwenda kwa kinyozi au sokoni. Lililotengwa na barabara ya njia nne humpokea kwa gari, humpakilia mizigo, na kumrudisha nyumbani bila mji kupata hata senti yake.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2012, katika shauri la kampuni ya supamaketi ya Tesco dhidi ya halmashauri ya jiji la Dundee, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kiwanja "kinachofaa" ni kinacholifaa duka analotaka mwombaji, si duka dogo zaidi ambalo wengine wangelipenda. Uamuzi huo ulihusu Scotland, lakini England nako unafuatwa, na mwombaji wetu ameutumia kuikataa karakana ya zamani ya mabasi nyuma ya soko, akisema ni ndogo mno kwa maegesho yake. Sina nguvu ya kubishana na mahakama, na ndiyo maana sharti la kuunganishwa vyema ni muhimu kwetu.

Ukubwa wa jengo nao unatia shaka. Ni mita za mraba 2,430, ilhali tathmini ya athari kwa maduka ya mjini, pale ambapo halmashauri haijaweka kiwango chake, hudaiwa kuanzia zinapozidi 2,500. Na kwa kuwa sakafu ya ziada ya ndani isiyofikia mita za mraba 200 haihitaji kibali, duka laweza kukivuka kiwango hicho baada ya kufunguliwa bila mtu kuulizwa lolote. Katika barua yangu nimeomba kwamba, kibali kikitolewa, kiwe na sharti la kuzuia nyongeza hiyo, na kwamba kivuko cha usawa wa barabara kijengwe kwa gharama ya mwombaji kabla ya mlango wa duka kufunguliwa. Pia nimewaomba madiwani wa kamati waitembee njia ile wenyewe, wakiwa na mizigo mikononi, kabla ya kupiga kura.