Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa sarafu Athens, Ugiriki, miaka ya 370 K.K.

Saa 12 asubuhi. Leo kuna Mkutano wa raia wote, wanapanda kilima cha Pnyx mbio mbio. Anayewahi hulipwa oboli 3, yaani nusu drakma. Mimi nashuka sokoni, Agora, kukagua kama sarafu za watu ni halali. Mimi ni mtumwa wa dola: mabwana zangu ni raia wote kwa pamoja, na mabwana wengi hivyo utambembeleza nani?

Sichelewi. Sheria ya Nikophon imechongwa jiwe likasimikwa papo hapo penye meza za wabadili fedha: mkaguzi asipoketi mahali pake, viboko 50.

Saa 2. Wateja ni wanawake, watumwa wenzangu na wageni wakaazi, wale wanaolipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka na kura hawana. Sarafu ya drakma 4 ina uso wa Athena, na nyuma yake bundi. Naipima kiganjani, nakagua ukingo, naidondosha mezani nisikie mlio. Zipo sarafu za bundi zilizoigizwa Misri; madini ya fedha yakiwa safi, namrudishia mwenyewe.

Saa 4. Muuza vitunguu kakataa sarafu niliyoipitisha. Maofisa wamebeba kapu zima, maana anayekataa hupoteza bidhaa zake zote za siku hiyo. Ni mali isiyofika drakma 10, wakaamua wenyewe. Ikizidi hapo, ni mahakamani. Aliyemripoti anapata nusu, ndiyo maana soko hili halikosi wambea.

Saa 6. Mkutano umekwisha, raia wanateremka. Mmoja, vazi safi, kaniwekea sarafu ya bundi, nyepesi. Nikaegesha tindo, nikagonga mara moja. Ngozi ya fedha ikapasuka, ndani shaba tupu. Akafoka kwamba mtumwa hawezi kumharibia raia mali yake. Nikamwelekeza kwenye jiwe: sarafu bandia hukatwa papo hapo, huwa mali ya mungu wetu wa kike, Mama wa Miungu. Sheria hiyo waliipitisha wenyewe. Akaondoka ananitukana, kumjibu siwezi.

Saa 9. Habari za Piraeus, bandari yetu: mwenzangu anayewakagulia wenye meli kazidiwa. Sheria ilisema Baraza la mji limteue miongoni mwetu watumwa wa dola, au linunue mtu. Posho yake inatoka fungu la wafua sarafu.

Saa 11. Napeleka vipande vilivyokatwa kwa Baraza. Kesho ni siku ya watu kuilipa serikali, kwa hiyo nitakagulia humo humo Barazani. Angalau kuna kivuli.