Nyuma umekuacha hivi hivi?

Usingizi umekataa, nnaandika na simu huku Baba Rahma anakoroma pembeni, na wala si kwa ajili ya harusi ya wifi (imekwisha salama alhamdulillahi, biriani lilitosha, wa kununa wamenuna), wala si kwa ajili ya bosi kutangaza kuwa karakana inahama Saateni mwezi ujao. Ni Ami Seif tu, yule fundi wa kuchonga milango.

Alikuja kuchukua kile kibao cha nyumba ya Mkunazini, kile nilichokichonga mie kwa mashine, jina la babu Rashid kwa Kiarabu juu na kwa herufi za kawaida chini, herufi za kuinuka si za kuchimba. Shkamoo, marahaba, akakishika, akapitisha kidole gumba juu ya herufi taratibu toka mwanzo mpaka mwisho, kimya, mie moyo unanidunda kama nnasubiri matokeo ya mtihani. Halafu akakigeuza. Wallahi alitazama nyuma muda mrefu kuliko alivyotazama mbele.

"Nyuma umekuacha hivi hivi?"

Nikamwambia nyuma hakuonekani Ami.

"Aa."

Akakizungushia gazeti akaenda zake. Aa! Aa gani hiyo jamani? Aa ya nimeelewa au aa ya Mungu akusaidie?

Maana kazi ya mbele pale we acha. Ile ni Corian, kipande kilichotoka kwenye tundu la sinki, hoteli wakitengenezewa kaunta yale matundu yanabaki kwetu na mie ndo mrithi wao. Kila anayeishika anasema marumaru kwa vile nzito halafu baridi, kumbe ni resini ya akriliki (aina ya plastiki) kama thuluthi moja na iliobaki unga wa madini unaotoka kwenye boksaiti, DuPont wa Marekani ndo walioibuni 1967. Uzuri wake rangi ni ile ile toka juu mpaka chini na haina nyuzi kama mbao. Herufi ya kuchimba ni rahisi, biti ya V (jino la mashine lenye ncha kama V) inafata mstari, kwisha. Ya kuinuka unatoa kila kisichokuwa herufi. Unene 12 mm unashuka 3, biti ya 6 mm inafagia uwanja (ule usawa wa chini unaozunguka herufi), ya 3 mm inaingia kati ya herufi na herufi, halafu V inapita pembezoni ili ukuta wa herufi uwe na mteremko, chini mpana juu mwembamba, usipofanya hivyo vitu vidogo vinaruka. Na jina la babu kwa Kiarabu lina herufi shin, yani nukta tatu kila moja imesimama peke yake uwanjani, mie nilikaa mbele ya mashine nasoma kila dua niliyofunzwa chuoni huku naomba umeme usikatike. Nukta zikatoka zote tatu. Halafu rangi, maana nyeupe juu ya nyeupe ukiwa mbali husomi kitu, nikakipulizia chote kijani, kilipokauka nikagandisha msasa kwenye ubao ulionyooka, ukiushika kwa mkono tu unakula kingo, nikasugua kwa msasa namba 180 kisha 320 mpaka herufi zikatoka nyeupe safi. Barakoa nilivaa lakini nywele na kope zote unga, Rahma alinikimbia mlangoni.

Mtu anashika kazi hiyo halafu anatazama nyuma.

Ile sentensi nshaisema kwa kila sauti. Kama ya kuuliza. Kama fundi anayemkaripia mwanafunzi. Jikoni niliisema kwa nguvu Rahma akaniuliza mama umeacha nini.

Leo nikashindwa, nikaenda kwa shangazi Kikwajuni, ule mlango wake si kauchonga Ami kwa patasi yake mwenyewe, fremu nzima nakshi, maua na minyororo, watalii wanapiga picha. Nikajifanya naomba ndimu. Nikaingia nikaurudisha nikautazama kwa ndani. Mbao tupu! Mbao na magogo ya kukingama na misumari, ua hata moja hamna! Shangazi ananitazama.

"Unatafuta nini mlangoni?"

"Naangalia nyuma yake."

"Nyuma ya mlango kuna nini we mtoto?"

Hakuna kitu shangazi, hakuna kitu kabisa! Nilicheka peke yangu mpaka Michenzani, watu wa daladala wakaniachia nafasi.

Nimefika nyumbani na ushindi wangu, Baba Rahma bila hata kuinua macho kwenye simu ananambia labda mzee alikuwa anauliza kitashikaje ukutani. Hapo nikanyamaza. Nyumba ile ya Mkunazini ni mawe na chokaa (tangu Beit el-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 2020 mji mzima ni wataalamu wa chokaa), ukibandika kwa silikoni inashika ngozi ya chokaa tu, ngozi ikibanduka kibao kinakuja nayo. Ndo maana mie nnaweka pini za stenlesi, tundu 6 mm kwenda ndani nyuma ya uwanja uliobaki 9, na natoboa siku ile ile ya kufunga kwa sababu jiwe la ukutani ndo linaloamua pini ikae wapi. Jibu zima ninalo, limekamilika, na mwenye suali kashaondoka na aa yake. Nimpigie? Nitasema nini, Ami kuhusu ile nyuma? Atanishangaa.

Na mama kashakata tiketi ya boti ya Mkoani, Pemba, Jumamosi, na kusi hili linavyovuma, vidonge vya kuzuia kutapika hataki anasema atanusa ndimu, na simu yake ndo ile ikifika nusu ya chaji inazima, sasa nitajuaje kama kafika.