Waliniambia Windows Imejifuta, Kumbe Iko Pale Pale

Naanza na yule fundi kwa sababu hadi leo ananikera. Nilimpelekea kompyuta yangu kwa kuwa nikiiwasha Windows haitokei tena. Akaifungua, akaichungulia kidogo, akaifunga, akaniambia: "Mama, Windows 10 imeisha muda wake tangu Oktoba. Ndiyo maana imejifuta. Tukupigie Windows 11, elfu tatu hivi, lakini vitu vyote vitaenda." Vitu vyote vitaenda! Alivyolitamka ungedhani anazungumzia vumbi la mezani.

Ni kweli Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Windows haijifuti kwa kupitwa na tarehe, yakhe. Hukosa viraka vya usalama, na mashine inaendelea kuwaka kama jana. Fundi anayekuambia vingine ama hajui ama anakuuzia kitu. Nikaichukua kompyuta yangu, nikapanda tuktuk nikarudi zangu Majengo.

Kazi yangu ni kudarizi. Shingo za kanzu, mikono ya mabuibui, mara moja moja na nembo za shule. Cherehani yangu ni ile ya kompyuta: unachora nakshi, unaihifadhi kwa faili ya DST, unatia kwenye flashi, cherehani inasoma. Programu ya kuchorea iliyokuja na cherehani haitaki kitu isipokuwa Windows. Upande wa pili wa diski ya kompyuta hiyo hiyo niko na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama Windows, aina ya Debian, aliyoniwekea mpwa wangu baada ya kuona flashi za wateja zinavyonitesa. Mteja anakuja na picha ya nembo, na ndani ya flashi mna virusi kuliko picha. Siku hizi flashi ya mtu nafungua Linux kwanza, nikishaitoa picha ndipo nahamia Windows. Mpango huo umenifaa sana na siuachi.

Sasa mpwa wangu huyo alikuja likizo, akaipandisha Debian kutoka toleo la 11 hadi la 12, akala mahamri yangu, akarudi chuoni. Nilipowasha kompyuta asubuhi yake, ile menyu nyeusi ya kuchagulia ikanionyesha Debian, chini yake "Advanced options", chini yake "UEFI Firmware Settings". Mstari wa Windows haupo. Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi, kanzu za watu za Idd zimeshalipiwa arubuni, na pembeni kuna harusi nzima, bwana harusi na wapambe wake, wote wanataka shingo za nakshi moja. Nakshi yenyewe iko Windows.

Baada ya fundi alikuja kijana jirani yangu mwenye saiba. Huyu simsemi vibaya, ana moyo, ila alinipa mchana wa sinema. Alikuja na flashi yenye Windows ya kusakinishia, akawasha kompyuta kwa flashi hiyo, akaingia sehemu ya kurekebisha, akafungua kile kidirisha cheusi cha amri. "Hii nimeiona watu wakiifanya, mama, ni amri tatu tu." Akaandika bootrec /fixmbr. Kioo kikajibu: "The operation completed successfully." Kijana akapiga makofi. Tukazima, tukawasha. Menyu ile ile, Debian peke yake kama mfalme.

Akarudi tena ndani. Safari hii bootrec /fixboot. Jibu: "Access is denied." Akairudia kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta haikusikia. Access is denied. Akaniomba maji. Akapiga ya tatu, bootrec /scanos, tukasubiri, kikatoka kile kilichomkata maini: "Total identified Windows installations: 0." Aligeuka akaniangalia kwa uso wa mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba. "Mama, sifuri. Haipo kabisa."

Nilikuja kuijua maana yake baadaye, na naieleza hapa kwa sababu naona watu wengi wanalizwa na sifuri hiyo. Amri ya kwanza hurekebisha mwanzo wa diski kwa kompyuta za zamani. Kompyuta yangu inawaka kwa njia ya UEFI, ile mpya, na UEFI haiangalii huko, hivyo amri ilifanikiwa kurekebisha kitu kisichotumika. Na /scanos huorodhesha zile Windows ambazo hazimo katika orodha ya Windows yenyewe ya kuwakia. Yangu ilikuwemo. Sifuri ilikuwa inasema hakuna Windows iliyopotea! Habari njema kabisa, na sisi tumekaa tunaipa pole.

Kijana alipoondoka nilifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa na fundi kabla ya kutaja bei. Nikawasha Linux, nikafungua terminali, yaani kidirisha chake cha amri, nikaandika lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE. Amri hiyo haigusi kitu, inaonyesha tu vipande vya diski. Hicho hapo, kipande kikubwa chenye alama ya ntfs, ambayo ndiyo ya Windows, ukubwa ule ule niujuao. Na juu yake kile kidogo cha vfat ambacho ndicho cha kuwakia. Nikafungua kile kikubwa kama folda ya kawaida, nikaingia ndani hadi kwenye nakshi zangu, nikazihesabu moja moja, zote salama. Hapo hapo nikazinakili kwenye diski ya nje. Wewe pia fanya hivyo kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika chochote, hata awe na kibandiko cha aina gani mlangoni.

Basi kama Windows ipo, kwa nini haitajwi? Mpwa wangu alikuwa amewahi kunieleza kwamba ile menyu nyeusi inaitwa GRUB, na ni kama bawabu mwenye orodha: asiyeandikwa haingii, hata kama amesimama mlangoni. Nikasema, nyumba hii haina mlango mmoja. Kompyuta yangu ni HP, zile zinazokuja zimeshatumika Uingereza. Nikaizima. Nikaiwasha huku nagonga kitufe cha Esc mfululizo, tak tak tak, mpaka ikatoka orodha ya vitufe, nikabonyeza F9. Na hapo, mabibi na mabwana, ikatokea menyu nyingine, ya mashine yenyewe, haina habari na GRUB. Mistari miwili: debian, na "Windows Boot Manager". Nikashuka kwa mshale, Enter. Vile vidoadoa vya Windows vikaanza kuzunguka.

Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akauliza nani kaposwa.

Kwa Lenovo na Dell kitufe ni F12 mara nyingi. Jaribu hilo kabla ya mengine yote, halihitaji flashi wala fundi wala senti tano. Likifunguka, ujue ugonjwa wako ni orodha tu.

Kwa F9 hiyo nilidarizi kanzu za harusi nikazimaliza. Ningeweza kuendelea hivyo hata mwaka, ila nina msaidizi, binti wa watu, ambaye Esc yake kila mara inachelewa, kompyuta inapita moja kwa moja Linux, halafu ananiita. "Mama, imeingia kule tena." Nikachoka kuitwa.

Nikamtumia mpwa wangu ujumbe wa sauti. Akajibu kwa haraka za kijana: "Shangazi, piga sudo update-grub tu, itaiokota." Ndiyo amri ya kumwandikia bawabu orodha upya. Nikapiga. Mistari ikashuka, mwisho ikaandika "done". Nikamwambia imesema done. "Basi iko sawa, shangazi." Haikuwa sawa. Hapa nijisifu kidogo, maana nimestahili: mimi husoma kila mstari. Kazi ya uzi inakufundisha hivyo, mshono mmoja ukiruka nakshi yote imekwenda. Katikati ya mistari ile palikuwa na mmoja unaanza na neno Warning, unasema os-prober haitaendeshwa, na mifumo iliyo kwenye vipande vingine haitaingizwa katika menyu. Mwisho wake ukataja GRUB_DISABLE_OS_PROBER. Kompyuta ilikuwa inatangaza ugonjwa wake kwa maandishi, na watu wote hawa wanasoma neno la mwisho peke yake.

Hiyo os-prober ndiyo inayozunguka kwenye diski kutafuta mifumo mingine na kumpa GRUB majina. Zamani ilikuwa inafanya kazi bila kuombwa. Kuanzia GRUB 2.06, iliyotoka mwaka 2021, imezimwa mpaka mwenye kompyuta aiwashe, kwa sababu za usalama: inafungua kila kipande cha diski kwa mamlaka yote ya mfumo, na wakaona si vizuri kazi hiyo ifanyike kimya kimya. Debian 12 imekuja na GRUB hiyo, na maelezo ya toleo yanalisema jambo hili waziwazi. Mpwa wangu hakuyasoma. Nani huyasoma.

Dawa yenyewe ni fupi hata aibu. Nikaandika sudo nano /etc/default/grub, ikafunguka faili ya mipangilio ya GRUB, nikashuka chini kabisa ya faili, nikaongeza mstari mmoja:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Herufi ndogo hiyo false, bila nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Kwenye faili za wengine mstari huo upo tayari lakini umetanguliwa na alama ya #. Ondoa # peke yake. Nikahifadhi, nikapiga tena sudo update-grub. Safari hii, chini ya mistari ya Linux, ukatoka huu:

Found Windows Boot Manager on /dev/sda1@/efi/Microsoft/Boot/bootmgfw.efi

Nikaupiga picha kwa simu. Nikamtumia mpwa wangu. Nilitamani kumtumia na yule fundi, ila namba yake nilikuwa nimeifuta njiani nikirudi.

Ile alama ya Warning bado hutoka, kwa maneno mengine, kukujulisha kwamba sasa os-prober inaendeshwa. Usiogope.

Kwa ajili ya msaidizi wangu niliongeza jambo jingine kwenye faili lile lile: GRUB_DEFAULT=saved, na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true, halafu update-grub tena. Sasa menyu inakumbuka chaguo la mwisho. Ukizima ukiwa Windows, kesho mshale unakungoja Windows. Binti ameacha kuniita.

Na ukiwa ndani ya Windows, nenda kwenye mipangilio ya umeme uzime ile "Fast Startup". Ikiwa imewashwa, Windows ukiizima huwa haizimiki kikamilifu, inalala na diski yake mkononi, na Linux inakukatalia kuandika humo. Nakshi utaziona ila huwezi kuhifadhi mpya. Watu hudhani diski imeharibika.

Lingine la wenye mifumo miwili hapa kwetu ni saa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kana kwamba ni ya hapa, na Kenya tuko mbele kwa saa tatu. Mwanzoni adhana ya Laasiri ilikuwa inatoka msikitini nami kwenye kioo naambiwa ni saa sita na nusu, Adhuhuri ndiyo kwanza. Windows yangu siiunganishi na intaneti, kwa hiyo haikuwa na wa kuisahihisha. Upande wa Linux niliandika sudo timedatectl set-local-rtc 1, na toka siku ile zimepatana.

Yule kijana wa saiba nilimwonyesha yote. Juzi akaja mbio: kompyuta ya mteja, ameandika false, ameendesha update-grub, Windows haitokei. Nikamwambia kwanza aangalie kama os-prober yenyewe imesakinishwa. Imo. Aangalie kama lipo folda /sys/firmware/efi. Halipo. Basi, Linux ya huyo mteja iliwekwa kwa njia ya zamani na Windows yake ni ya UEFI, na GRUB ya huku haiwezi kuiwasha ya kule. Inabidi awashe flashi ya Linux kwa njia ya UEFI aiweke GRUB upya kutoka hapo. Kwa sasa mteja atumie menyu ya mashine. Akaenda akafanya, akalipwa. Nikamwambia fungu langu nalitaka kwa uzi wa dhahabu kutoka Biashara Street, koni mbili, na asiniletee ule unaochuja rangi.